Mwenye Kamba, Sindano na Kipyenga

Uwanja wa mpira haujichori. Mtu akifika jioni akakuta mistari imenyooka, nyavu zimetundikwa na vibendera vinapepea kwenye kona nne, macho yake huenda moja kwa moja kwa wachezaji, na ndivyo inavyotakiwa. Mimi hupenda kufika asubuhi, wakati uwanja ungali uwanda wa nyasi fupi na mavi ya ng'ombe. Kinachonivutia kule Busisi ni kazi ya mzee mmoja anayeuandaa mchezo kabla haujaanza, akauchezesha, kisha akakusanya vitu vyake na kurudi nyumbani bila kudai hata nauli. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe hapendi kuandikwa.

Busisi iko wilayani Sengerema, upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, ikitazamana na Kigongo ya Misungwi. Ni pwani ya wavuvi, na mzee wetu ni fundi nyavu. Ujanani alicheza winga ya kushoto katika timu ya kijiji, hakuvuka hapo, wala hakuwahi kulipwa kwa mpira. Miguu ilipoanza kukataa mbio za vijana, aliokota kipyenga. Kamba na sindano ya nyavu alikuwa navyo tayari.

Nianze na kamba. Ni ile kamba ya plastiki ya kijani wanayotumia wavuvi. Ya katani aliiacha zamani, kwa sababu katani ikilowa umande hujivuta, na kipimo cha asubuhi hakilingani na cha mchana. Kwenye kamba hii amefunga nyuzi nyekundu kwa kila kipimo anachokihitaji: mita 5.5 kwa boksi dogo, mita 9.15 kwa duara la kati, mita 11 kwa pointi ya penalti, mita 16.5 kwa boksi la kumi na nane. Ana kamba nyingine fupi ya mita 12, yenye fundo kwenye mita ya 3 na fundo kwenye mita ya 8. Hii ndiyo ninayoipenda. Ncha zake mbili zinakutanishwa kwenye kigingi cha kona. Kijana mmoja anashika fundo la kwanza na kulivuta kufuata mstari wa goli; mwingine anashika fundo la pili na kulivuta kuelekea mstari wa pembeni. Kamba ikikaza pande zote, kona imekuwa mraba. Tatu, tano, nne: pembetatu ile ile waliyofundishwa watoto darasani wakaisahau, hapa inalala juu ya nyasi na kuamua mpira umetoka au haujatoka.

Akimaliza mstatili mzima hauamini bado. Anavuta kamba ndefu kutoka kona hadi kona, akapima mshazari wa kwanza, kisha wa pili. Mishazari ikitofautiana hata kwa urefu wa mkono, vigingi vinang'olewa na kazi inaanza upya. Vijana hunung'unika. Wangependa kukubali makosa madogo, maana nani atayaona? Yeye hajibu, anarudi kwenye kona ya kwanza na kuinama. Nimemwona akifanya hivyo kwa mechi ya watoto wa shule ya msingi ambayo mgeni wa heshima wake alikuwa mwalimu wa zamu.

Baada ya hapo ni majivu. Chokaa hununuliwa fedha ikipatikana. Ikikosekana, mama lishe hutoa majivu ya jikoni, yanachekechwa ili vipande vya mkaa vibaki juu, kisha yanatiwa kwenye kopo la rangi lililotobolewa matundu kitako. Sheria inasema mstari usizidi sentimita 12, na mstari wa goli uwe na upana sawa na mlingoti. Majivu makavu hayana uzito, kwa hiyo kazi yote lazima iishe kabla upepo wa ziwani haujapanda. Usiku hewa hutoka nchi kavu kwenda majini; asubuhi hutulia; jua likishapasha ardhi, upepo hugeuka na kuja nchi kavu. Kati ya kutulia na kugeuka kuna saa chache, na ndani ya saa hizo mzee anatembea kinyumenyume, kopo mkononi, akiligonga kwa kidole kila hatua, macho kwenye kamba iliyolazwa chini. Akimaliza mstari ananyunyiza maji kidogo kwa mkono ili majivu yashike. Hatembei juu ya mstari wake, wala haruhusu mtu aukanyage kabla ya mechi.

Kuna jambo moja ambalo mgeni halioni hata akielekezwa. Magoli ya uwanja huu yako kaskazini na kusini. Zamani, kwa maelezo ya wazee, yalikuwa mashariki na magharibi, kwa sababu ndivyo eneo lilivyolala, na kipa mmoja alicheza dakika 45 akiwa na jua usoni. Hapa tuko karibu na ikweta. Jua linazama upande wa magharibi mwaka mzima, na kwa saa zetu za Tanzania, upande huu wa ziwa huzama kwenye saa 12 na dakika 50 jioni hivi. Mechi ikianza saa 10 na nusu inamalizika jua lingali juu ya vilima, tena lenye kuumiza macho. Kuyageuza magoli kulitaka kung'oa visiki, kufukia mashimo na kumwomba jirani sehemu ya shamba lake la mihogo. Ilichukua misimu kadhaa. Kipa anayelalamika leo analalamikia beki wake. Jua halimo tena katika malalamiko.

Sasa sindano. Kabla ya nyavu kuwekwa golini, mpira wa miguu uliishi miaka mingi na ugomvi mmoja: mpira umepita ndani ya mlingoti au nje? Aliyeumaliza ni mhandisi wa Liverpool, John Alexander Brodie, aliyebuni nyavu za goli mwishoni mwa karne ya 19, baada ya kuona goli likikataliwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika. Soka la mchangani bado linauishi ugomvi ule, kwa kuwa viwanja vingi vya vijijini vina milingoti mitupu. Busisi wana nyavu kwa sababu wana wavuvi. Nyavu ya sangara iliyochoka, yenye macho ya inchi 6, haifai tena majini: sangara mkubwa ataipasua. Golini inafaa kabisa. Mpira wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70 haupenyi kwenye jicho hilo, na uzi wake mnene haukati mikono ya kipa anayeangukia ndani.

Nyavu hiyo haitundikwi ilivyo. Mzee anaikata vipande vinne: mgongo, juu na mbavu mbili, kisha anaviunganisha jicho kwa jicho. Ikipasuka, huwezi kushona tundu lilivyo. Kwanza anapanua uharibifu, jambo linalomshtua asiyejua: anakata kwa wembe nyuzi zilizochanika hadi tundu liwe na kingo safi. Anatafuta fundo moja lililobakiwa na miguu mitatu badala ya minne. Hapo ndipo pa kuanzia. Anateremka na sindano yake ya mti, jicho moja baada ya jingine, kidole gumba kikishika kila fundo hadi libane, kidole cha shahada kikiwa ndicho kipimo cha jicho. Akienda sawasawa, atakutana na fundo jingine lenye miguu mitatu mwishoni, na hapo uzi unakatwa. Akifika mwisho akakuta fundo la miguu miwili, amekosea njiani na anajua, kwa hiyo anafumua. Sehemu iliyoshonwa na mikono yake hujulikana kwa rangi ya uzi tu. Ukipitisha kiganja huhisi tofauti.

Ananiambia kwamba nyavu isikazwe sana. Ikikazwa, shuti kali hurudi uwanjani na mchezaji wa mbali akadhani limegonga mtambaapanya. Iachwe na ulegevu wa mkono mmoja nyuma, ili mpira ukiingia ufe humo na kila mtu aone umekufa. Ningependa waandaaji wa mashindano makubwa wamsikie.

Kazi yake nyingine haina chombo: ni ratiba. Katika vijiji vya ziwani wachezaji wengi ni wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, taa hazina nguvu, mitumbwi hupumzika na vijana hulala usiku kama watu wengine. Mashindano ya kugombea mbuzi au Kombe la Diwani yakipangwa na mtu wa mjini kwa kalenda ya ukutani, timu zitafika zikiwa na wachezaji wanaosinzia, au hazitafika. Mzee hupanga hatua ya makundi kwenye siku za mbalamwezi na kuacha pengo kwenye giza. Anasubiri Juni, masika yakiwa yamekwisha na pamba imeanza kuuzwa, watu wakiwa na muda na chochote mfukoni.

Zamani ratiba hiyo ilikuwa na bwana wa pili: kivuko. Timu ya Kigongo ilipokuja kucheza, ilipanga foleni na malori, mabasi, wagonjwa na wachuuzi. Siku njema ilivuka mapema. Siku mbaya saa ziliisha ufukweni. Kanuni za mashindano ziliruhusu kumpa ushindi mwenyeji mgeni akichelewa, na wenyeji hawakukosa kumkumbusha mzee. Yeye aliteremka gatini, akatazama kama jezi zinaonekana juu ya kivuko kilichokuwa kinakuja, akarudi na kusema wachezaji wafanye mazoezi mepesi. Hakuna aliyepewa ushindi kwa sababu ya kivuko wakati yeye ana kipyenga. Tangu Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, ghuba inavukwa kwa dakika chache juu ya kilomita 3 za zege na nyaya. Wauza samaki wa kukaanga waliotegemea foleni wamelazimika kutafuta wateja kwingine, na hilo linastahili makala yake. Kwa mpira, timu za Misungwi sasa zinafika na bodaboda, na saa 10 na nusu imekuwa saa 10 na nusu.

Nimefika kwenye kipyenga, na hapa nataka kwenda taratibu.

Wachezaji wanapojipanga, manahodha humwamkia. "Shikamoo mzee." "Marahaba, wanangu." Anawakagua mmoja mmoja: pete, bangili, mikufu. Sheria inakataza mapambo yote, hata yakifunikwa kwa plasta. Kuna pia hirizi, na hapo nimeona waamuzi wengine wakiharibu mechi kabla haijaanza, kwa kucheka au kwa kukemea. Yeye humsogelea kijana, akamgeuza kidogo asitazamwe na watu, akamwambia kwa Kisukuma cha upole kwamba kitu kigumu kitamuumiza mwenzake, akikabidhi kwa mzee wa timu yake. Inavuliwa. Hakuna aliyefedheheka, na yule kijana kwa dakika 90 zinazofuata hana kisasi na refa.

Kipyenga hakai nacho mdomoni. Kimefungwa uzi kwenye kiganja. Kutoka kiganjani hadi mdomoni kuna nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo ndiyo anayofikiria. Refa mwenye kipyenga mdomoni hupuliza kile alichokiona mara ya kwanza. Huyu hupuliza alichokiona mara ya pili. Sauti nazo zinatofautiana. Mpira wa kurusha haupulizii kabisa, kila mtu ameona. Faulo ndogo anapuliza kwa ufupi. Faulo mbaya anapuliza kwa ukali, mara mbili, na tayari miguu yake inakimbia kuelekea mahali penyewe, ili afike kabla ya marafiki wa aliyeumizwa. Akishafika amesimama kati yao, mikono chini. Nimeona ugomvi mwingi ukifa kwa sababu mtu wa tatu alifika mapema mno.

Anachotazama si mpira. Mpira hautendi kosa. Anatazama miguu ya anayekwenda kuupokea na miguu ya anayekwenda kumzuia, na nyonga zao, kwa sababu nyonga haidanganyi: beki anayetaka mpira huinamisha bega, beki anayetaka mtu hugeuza nyonga. Ili aone hayo, anakimbia kwa mshazari, kutoka karibu na kona moja hadi karibu na kona inayoikabili, akiuacha mchezo kati yake na mshika kibendera. Ndivyo vitabu vya waamuzi vinavyofundisha. Lakini washika vibendera wa mchangani mara nyingi ni vijana waliookotwa pembeni, mmoja kutoka kila timu, na anajua kwamba kuhusu kuotea hawezi kuwategemea. Kila mmoja ana moyo wake. Kwa hiyo anawapa kazi moja tu, mpira ukitoka wainue, na yeye anabadilisha mshazari wake, anausogeza hadi karibu usawa na beki wa pili kutoka mwisho. Ni mbio nyingi zaidi kwa mtu wa umri wake. Analipia kwa mapafu kile ambacho ligi kuu inakilipia kwa mishahara ya watu watatu.

Kuotea ndiko kunakoonyesha ufundi wenyewe. Sheria inataka mshambuliaji, mpira unapochezwa na mwenzake, asiwe karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mchezaji wa pili kutoka mwisho wa wapinzani. Maneno machache. Ugumu ni kwamba mambo mawili hutokea mahali pawili kwa wakati mmoja: mguu unaopiga pasi uko huku, bega la mshambuliaji liko kule mita 30. Jicho haliwezi kuwa kote. Nilimuuliza anafanyaje. Akasema anatazama mstari wa mabeki na kuisikiliza pasi. Mlio wa kiatu, au wa mguu mtupu, unamfikia sikioni, na papo hapo macho yake yanapiga picha ya mabeki. Tangu aniambie hivyo nimekuwa nikifumba macho pembeni ya uwanja, na ni kweli, pasi ya kupenyeza ina sauti yake.

Kisha faida. Huu ndio upeo wa kazi ya refa, na watazamaji huudhani uzembe. Mshambuliaji amekwatuliwa, lakini mpira umemfikia mwenzake aliye peke yake. Ukipuliza, umemsaidia aliyekosa. Usipopuliza na mwenzake akapoteza mpira, umati utakula nyama yako. Sheria inampa refa sekunde chache za kungoja. Faida isipopatikana, anarudi kwenye kosa. Mzee ananyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, anapaza sauti "Cheza!", na anahesabu kimoyomoyo. Katika sekunde hizo hakuna mtu uwanjani anayefikiri kwa kasi kuliko yeye: anasoma umbali wa beki, uzito wa pasi, kama aliyeanguka anaumwa kweli. Mpira ukitoka nje, halisahau lile kosa. Anamfuata aliyekwatua na kumwonya, au kuandika jina lake kwenye daftari. Daftari lake ni la shule, la kurasa 48, lenye kila mechi, kila goli na dakika yake.

Mchezo unaochezwa mahali fulani hudai sheria zilizokomaa mahali hapo. Wacheza gofu wa ziwa hili walilijua hilo mapema. Klabu ya Nyanza, Kisumu, iliwahi kuwa na kanuni ya mahali iliyosema kwamba mpira ukitua karibu na kiboko au mamba kwa namna ya kuhatarisha, mchezaji aruhusiwe kuangusha mwingine mahali salama, si karibu zaidi na shimo, bila adhabu. Jinja, Uganda, mpira uliozama kwenye unyayo wa kiboko uliruhusiwa kuinuliwa. Watu husimulia haya kama vichekesho. Mimi naona ndani yake kamati ya watu wasiolipwa, wamekaa jioni baada ya kazi zao, wakijaribu kuwatendea haki wote wawili, mchezaji na mnyama aliyekuwapo kabla yake. Busisi tatizo ni ng'ombe. Kundi likikatiza uwanja mpira ukamgonga ndama, refa husimamisha na kuudondosha. Lakini sheria ina kipengele ambacho wengi hawakijui: mpira ukiwa unaelekea golini, ukaguswa na mnyama bila kumzuia mlinzi kuucheza, kisha ukaingia, ni goli. Mzee alikitumia kipengele hicho katika mechi ya kugombea mbuzi, timu iliyofungwa ikawa ya wenyeji, na akasimama na kitabu cha sheria mkononi akiwasomea hadi giza likaingia. Walikubali. Nafikiri walikubali kwa sababu ya mistari ya asubuhi: mtu aliyepima mishazari mara mbili kwa ajili ya watoto, utamwambia anapendelea?

Gofu ya Tanzania nayo imekuwa na watu wa aina hii. Lina Nkya aliichezea timu ya taifa ya wanawake na pia akakiongoza chama cha wanawake cha mchezo huo, na mwaka 2024 yalianzishwa mashindano ya mzunguko kwa kumuenzi. Anayeongoza chama cha wachezaji wa ridhaa hutumia jioni zake kwenye kadi za alama, viwango vya wachezaji, barua za kuomba udhamini na ratiba, mambo ambayo mpenzi wa mchezo hayafikirii hata kidogo. Tukirudi kwenye soka, upande wetu wa ziwa, mwamuzi Jonesia Rukyaa wa Kagera alichezesha mechi ya Yanga na Simba Februari 2016, na kabla mwamuzi yeyote hajafika kwenye mechi kama ile, amepita kwenye viwanja vya vumbi ambavyo mtu fulani aliamka kuvichora. Magazeti yetu huandika habari za waamuzi wanapokosea. Naomba wahariri wamtume mwandishi mmoja, angalau msimu mmoja, akaandike wanapopatia.

Mzee ana wanafunzi. Hawafundishi uwanjani, anawafundisha chini ya mti, mahali anaposhonea nyavu, kwa vizibo vya soda. Vya bluu ni washambuliaji, vyekundu mabeki, punje ya mahindi ni mpira. Anavipanga, anausogeza mpira, anauliza: "Huyu kaotea?" Wanabishana. Anaongeza kizibo kimoja cha kipa aliyetoka golini, na jibu linageuka, kwa sababu kipa si lazima awe wa mwisho. Anauliza tena, mpira ukiwa wa kurusha. Wanaosema kaotea wanachekwa na wenzao, kwani kwenye mpira wa kurusha, kona na mpira wa goli hakuna kuotea. Hawapi majibu, anarudisha vizibo vilivyokuwa na kuendelea kushona, hadi mmoja wao aone.

Anayeona haraka kuliko wote ni msichana wa kidato cha pili. Kwa miezi mingi alishika kibendera tu. Kisha, katika mechi ya vijana chini ya miaka 15, mzee alimvalisha kipyenga kiganjani, akachukua kibendera yeye, na kwenda kusimama pembeni kwenye mstari alioutia majivu asubuhi ile. Wapo walioguna. Kipindi cha pili kiungo wa wageni alikwatuliwa mbele kabisa ya mzee, na kibendera kikapanda juu, kikitikiswa kama inavyotakiwa. Binti alikiona. Aliuona pia mpira ukimfikia winga wa kushoto aliyekuwa peke yake, akanyoosha mikono miwili mbele, viganja juu, na kupaza sauti. Mzee aliteremsha kibendera mara moja. Winga aliingia ndani ya kumi na nane, akapiga chini kulia, na mpira ukafia kwenye ulegevu wa nyavu. Mwamuzi msaidizi, goli likiwa halali, hukimbia kuelekea mstari wa kati, na mzee akakimbia. Binti hakushangilia wala hakumtazama. Alikuwa tayari njiani kumfuata yule beki aliyekwatua, penseli ikiwa mkononi.